Mdhamini Aliyeliliwa Akiwa Hai

Sehemu ya kumi na nne

Najua mnanidai, wasomaji. Jumamosi iliyopita nilimwacha Claudine mlangoni, kilio kinapasua masikio, nami nikaenda zangu kulala. Wengine mmenitukana mpaka mkamgusa mama yangu. Haya, mlango huu hapa, tuingie naye.

Claudine Mwansa aliingia uani kwa mzee Kapya akiwa amekumbatia faili kifuani. Wanawake kumi walikuwa wameketi mkekani, vitambaa vichwani, wakilia mara kwa zamu, mara kwa pamoja. Katikati yao palikuwa na mtu amelala chali, amefunikwa shuka jeupe. Shuka lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje, na miguu ile Claudine aliijua. Ilikuwa ya mzee Kapya mwenyewe.

"Ba Kapya!" alisema.

Nyuma yake aliingia Monsieur Gérard, mkaguzi kutoka Kinshasa, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Akaona mkeka, akaona shuka, akavua miwani.

Aliyekosa gazeti la wiki jana nitampa mambo kwa ufupi, tena kwa haraka. Kwa miaka sita wanawake arobaini wa chama cha Tujikaze, pale Annexe pembezoni mwa Lubumbashi, wakiongozwa na mwenyekiti wao Claudine, wamekuwa wakitafuta kisima. Benki imekubali kuwakopesha. Serikali, kupitia mfuko wake wa dhamana, imekubali kubeba robo tatu ya mkopo mambo yakiharibika. Robo iliyobaki inataka mtu wa mtaani mwenye nyumba ya matofali na hati yake. Mtu huyo ni mzee Kapya, fundi mitambo mstaafu, na kilichobaki ni saini yake tu, mbele ya macho ya Gérard.

Tena saini ya leo. Mashine ya kuchimba imeshapanda kwenye kiwanja tangu alfajiri, na msimamizi wake, Guelor, amesema neno moja asilorudia: saini isipopatikana kabla ya saa tisa alasiri, anakunja mabomba yake na kwenda Kasenga kwenye kazi nyingine. Mvua ziko mlangoni. Zikianza kunyesha, gari zito kama lile halitaingia tena Annexe hadi kiangazi kijacho. Ilikuwa saa tano na nusu.

Gérard aliinamisha kichwa kwa heshima. Halafu akatoa simu, na kidole gumba kikaanza kazi.

"Pole sana, Mama Présidente," alisema. Kiswahili chake alikisoma Bukavu, cha polepole na cha adabu. "Mdhamini amefariki. Sheria inanitaka niarifu makao makuu mara moja."

"Ngoya kwanza, Chef!"

"Nimeshatuma."

Basi Claudine naye akaanguka mkekani. Alilia kilio cha kweli, cha miaka sita, cha mgongo uliobeba madumu ya maji kutoka mto wa mbali kila asubuhi. Alimlilia mzee, akakililia kisima, na kwa hakika hakujua ni kipi kilichokuwa kikimuuma zaidi. Aliona aibu kwa hilo, akazidi kulia.

Ndipo masikio yake yalipoanza kusikia maneno ya waombolezaji wenzake.

"Kapya weee! Mamba mwenye tumbo kubwa! Ulikula samaki yetu yote, hata mifupa hukutuachia!"

"Alikuwa mubaya wa sura, ba mama! Mais shiye tulishamuzoea!"

"Njo anakufa bila kujua kucheza rumba! Miguu yake yote mbili ilikuwa ya kushoto!"

Claudine akafungua jicho moja. Mama aliyekuwa kando yake alikuwa akitafuna karanga. Mwingine alijifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yalitikisika kwa namna ambayo haikuwa ya majonzi hata kidogo. Na pale katikati, chini ya shuka, maiti ilijikuna tumbo.

Claudine akalishika shuka na kulivuta.

"Yambo, Claudine," alisema mzee Kapya. "Uniombee kwa hawa bantu banipatie hata mayi ya kunywa. Tangu asubui beko banalila tu kulila, na kiu inaniua kweli."

Claudine alipiga ukelele uliofika barabarani. Wanawake kumi wakaangua kicheko, wakapigana viganja, mmoja akabingirika hadi nje ya mkeka.

"Mama Mapalo!" Claudine alifoka. "Ni weye njo unafanya hii mambo?"

"Ni miye," alijibu mama mnene aliyeketi upande wa kichwa cha maiti, mfanyabiashara wa samaki wa Kasenga, mwenye sauti ya kuita mitumbwi ng'ambo ya mto Luapula. "Na sijamaliza."

Nanyi mnaojua mila za huku mmeshaelewa. Mzee Kapya ni wa ukoo wa Mamba. Mama Mapalo na dada zake ni wa ukoo wa Samaki. Hao ni watani tangu enzi za mababu, banungwe kama wanavyoitana wenyewe. Mtani anakutukana hadharani na humkasirikii. Anakuchukulia kuku na humshitaki. Na akiamua kwamba umekufa, unalala chini, unafunikwa, unaliliwa, mpaka yeye mwenyewe akuinue.

"Tulisikia habari kule Kasenga," Mama Mapalo alieleza, akijipepea. "Ati Kapya anasimamia mukopo ya banamuke makumi ine! Nikasema, mutu mwenye kufanya vile haiko muzima. Ule alishakufa, anakosa tu wa kumuambia. Njo tukapanda camion tukuye kumulila mbele bantu bengine batupite."

"Uliskia, Claudine?" mzee alisema kutoka chini, kwa fahari fulani. "Bantu kumi, toka Kasenga. Kuko ba ministre benye kufa bila kupata kilio ya namna hii."

Claudine alicheka. Alicheka hadi akashika mbavu, machozi ya kwanza bado hayajakauka. Halafu akamkumbuka Gérard.

Gérard alikuwa bado amesimama, miwani mkononi, akimtazama marehemu akinywa maji.

"Yuko hai," alisema.

"Njo vile, Chef."

"Lakini analiliwa."

"Ni mucheso ya banungwe, Chef. Ni heshima."

"Kumtangazia mtu kifo ni heshima?"

"Kubwa sana."

Simu ya Gérard ikalia. Akasoma, na uso wake ukapoteza rangi iliyokuwa imesalia.

"Kinshasa wamejibu. Wanatoa pole kwa familia. Faili limefungwa kwa sababu ya kifo cha mdhamini."

"Uandike kama anafufuka!"

"Mama, fomu ina mahali pa kujaza aliyehama, aliyefungwa, aliyefilisika na aliyefariki. Haina mahali pa aliyefufuka."

Kicheko kikakatika uani. Hata Mama Mapalo aliacha kujipepea.

Aliyeokoa mambo ni maiti. Mzee Kapya alijiinua kwa kiwiko, akajifunga shuka kiunoni.

"Kwani nini munaogopa? Shiye ba pensionné, kila mwaka banatuomba attestation de vie. Unaenda ku commune, banakuangalia, banaandika kama uko unapumua, banapiga cachet. Miaka makumi mbili na tatu niko naonyesha kama niko muzima. Hii kazi naijua!"

"Karatasi hiyo," Gérard alisema polepole, na macho yake yakaanza kupata uhai, "karatasi hiyo Kinshasa wataikubali."

Saa sita kasoro kumi. Claudine alimshika marehemu mkono.

"Twende!"

Gari la Gérard lilitoka uani kwa kishindo. Mbele aliketi mzee Kapya, na shuka lake, maana hapakuwa na muda wa kutafuta shati. Nyuma aliketi Claudine na faili. Na nyuma ya gari lao, bila kualikwa na mtu, lilifuata lori la samaki la Mama Mapalo, wanawake kumi juu yake, wakikata matawi ya miti njiani na kuyapunga hewani, alama ya msiba.

"Rudini!" Claudine aliwapigia kelele dirishani.

"Maiti yetu iko mule!" Mama Mapalo alijibu. "Tutamuacha namna gani?"

Kufika barabara ya Kasenga, balaa. Malori ya madini yalikuwa yamejipanga hadi upeo wa macho, pikipiki zimebanana katikati, hakuna kinachosogea. Gérard alipiga honi, hakuna aliyegeuka. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita.

Ndipo lori la samaki lilipofika nyuma yao na kuanza kuimba.

Mnaifahamu Lubumbashi yetu. Hapa mtu hampishi waziri, hampishi bibi harusi, lakini msiba atasimama kwenye matope ili upite. Pikipiki zilipanda kandokando. Madereva wa malori walizima injini na kuvua kofia. Polisi wa kike wa makutano alinyoosha mikono yote miwili, akasimamisha upande wa pili wote, akapiga saluti.

Gérard akapita katikati kwa kasi ambayo hajawahi kupita popote nchini.

"Usiwasalimie watu, Papa!" Claudine alimsihi mzee. "Ulale kidogo!"

"Aaa, ule ni Désiré! Tulitumika naye mu garage moja!" Na mzee Kapya akatoa mkono dirishani. "Désiré! Yambo!"

Désiré, aliyekuwa amesimama kando ya njia na kofia kifuani, ameambiwa sasa hivi na waombolezaji jina la marehemu, aliitikia "Yambo, kaka" kwa mazoea. Halafu akaketi chini barabarani. Mpaka gari linapotea alikuwa bado ameketi.

Saa saba kamili waliingia kwenye ofisi ya komine, serikali ya mtaa, wakikimbia.

Karani wa zamu aliitwa Madame Séphora, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliyewahi kuona kila aina ya binadamu kaunta ile. Alimtazama mzee mwenye shuka, akawatazama wanawake wenye matawi, akavuta daftari bila haraka.

"Nani njo anakufa?"

"Miye," alisema mzee Kapya. "Mais haiko kweli."

Claudine akaeleza yote kwa pumzi moja. Madame Séphora alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Attestation ntatoa. Minaona kama unapumua. Mais inaomba ba témoin babili, na hawatakuwa ba famille yako."

Gérard akajitokeza mbele, kitambulisho mkononi.

"Mimi nashuhudia, Madame. Mtu huyu yu hai."

"Ni weye njo uliandika kama alikufa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Asubui unaandika alikufa, muchana unasema iko muzima. Kesho utasema nini? Hapana, Monsieur. Utafute bengine."

Wengine walikuwa nani? Walikuwa kumi, na wote walikuwa wamepanga mstari ukutani, wamekunja mikono. Watani si familia. Wangefaa kabisa.

"Mama Mapalo," Claudine alisema, "uandike jina yako hapa, na dada yako Nono aandike yake. Tumalize."

Mama Mapalo alitazama dari.

"Shiye tulishalila," alisema. "Mutu akililiwa, hatuwezi kumuita muzima bure bure. Ajikomboe kwanza. Ni mila."

"Ntakupa kuku," alisema mzee Kapya haraka.

"Kuku ya Mamba iko na mifupa tu."

"Kuku mbili."

"Hapana. Miye nataka kitu moja." Mama Mapalo alisogea mezani, na kila mtu ofisini akasogea naye, hata waliokuwa wamekuja kuandikisha watoto. "Kile kisima ya mayi, bakiandike jina. Kubwa, na rangi nyekundu. Kisima cha Samaki."

Madame Séphora aliacha kalamu hewani.

Mzee Kapya alinyanyuka taratibu.

"Kisima yenye miye, mwana wa Mamba, nasimamia na nyumba yangu! Bajukuu bangu bakunywe mayi mu jina ya Samaki! Kila siku! Ku macho ya bantu bote!"

"Njo vile," Mama Mapalo alisema kwa utamu.

"Bora nikufe kweli! Séphora, uandike! Uandike kama nilikufa!"

Na akarudi kulala. Naam, pale pale, kwenye sakafu ya ofisi ya komine, akajifunika shuka mpaka usoni. Wanawake wakaanza kuomboleza upya, kwa furaha kubwa.

Simu ya Claudine ikalia. Ilikuwa ni Guelor.

"Présidente, saa ngapi yako?"

"Saa nane kasoro, Guelor, tuko nakuya, tuko karibu!"

"Miye nimeanza kufunga kamba. Saa tisa, ni saa tisa."

Claudine alikata simu. Aliwatazama watu wote wale wanaocheka, naye mwenyewe kicheko bado hakijamtoka. Alipiga magoti sakafuni, akasema kwenye shuka, karibu na mahali palipokuwa na sikio.

"Papa Kapya. Unisikilize. Mutoto wangu Daniella iko na miaka kenda. Anajua njia ya muto kuliko njia ya masomo. Asubui anabeba bidon, anafika ku masomo saa ya pili alishachoka, analala ku meza. Mwalimu ananiita, ananiuliza kama mutoto iko mugonjwa. Minakosa kusema. Leo nakosa haya mbele yako, Papa. Kama bataandika Samaki, bataandika Mamba, ata bataandika Nguruwe, Daniella atalala mpaka jua ipande. Nakuomba."

Kilio kilikuwa kimekoma.

Halafu sauti ikatoka chini, nzito.

"Nyekundu kabisa?"

"Nyekundu kabisa," Mama Mapalo alisema, lakini safari hii hakucheka. Alikuwa akijipangusa jicho kwa ncha ya kitenge, na alikasirika alipoona watu wamemwona.

"Bon." Mzee Kapya aliketi. "Mais mwaka kesho, Mapalo, siku yenye utakufa, ntakuya kukulila ku Kasenga na bantu mia moja. Na ntasema yote."

"Nakungojea!"

Wakashikana mikono. Ofisi ikalipuka kwa vigelegele. Mama Mapalo akaandika jina, Nono akaandika lake, Madame Séphora akapiga mhuri kwa nguvu zote za mkono wake.

"Iko muzima," alitangaza. "Sasa mutoke, niko na kazi."

Gérard alipiga picha karatasi, akaituma Kinshasa, kisha akapiga simu kabisa. Alizungumza Lingala kwa sauti ya kubembeleza, halafu ya kuomba, halafu ya kukata tamaa. Mwishowe akanyoosha simu.

"Mkurugenzi anataka kuzungumza na marehemu."

Mzee Kapya akaipokea kwa adabu, akasafisha koo.

"Allô? Oui, Monsieur le Directeur. C'est le décédé."

Ndiyo kusema, marehemu anaongea hapa. Upande wa pili wa simu palisikika kicheko kilichoanza taratibu na kugeuka kikohozi. Mkurugenzi alimuuliza mzee hali yake. Mzee akasema ni nzuri, isipokuwa kiu. Mkurugenzi akamuuliza kama kweli anawadhamini wanawake wale kwa hiari yake. Na hapo mzee Kapya akasimama wima ndani ya shuka lake.

"Kwa hiari yangu yote," alisema, kwa Kifaransa cha shule ya zamani. "Wamenizika kwa ajili ya mkopo huu, Bwana. Nifanye nini tena?"

Faili likafunguliwa saa nane na dakika ishirini na mbili.

Sina haja ya kuwaeleza safari ya kurudi. Mjue tu kwamba polisi yule yule wa makutano aliuona msiba ule ule ukirudi mbio kutoka ulikotoka, marehemu akiwa mbele anaimba, na kwamba alipiga saluti tena, maana alikosa la kufanya.

Kiwanjani, injini ya lori la Guelor ilikuwa inanguruma. Mabomba yamefungwa kamba. Guelor mwenyewe, kijana wa mabega mapana, ametia mguu kwenye ngazi ya gari. Saa tisa kasoro dakika tatu.

"Shuka chini!" Claudine aliruka kabla gari halijasimama. "Shuka, Guelor, tunafika!"

Faili lilifunguliwa juu ya boneti yenye moto. Gérard alitoa kalamu ya kwanza, ikagoma. Akatoa ya pili. Mzee Kapya aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akachora na mkia mrefu chini yake, mkia wa mamba, akamtazama Mama Mapalo huku akiuchora.

Saini ikatua.

Wanawake arobaini wa Tujikaze waliosubiri tangu asubuhi walipiga yowe moja. Mabeseni yakageuka ngoma. Mama Mapalo alimshika Gérard kiuno akamzungusha, viatu vinavyong'aa vikapotelea vumbini, naye Gérard akacheka kama mtu anayekumbuka kwamba aliwahi kuwa na miaka kumi na minane. Claudine alisimama katikati, mikono kichwani, hajui alie au aruke. Akafanya yote mawili.

Guelor alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Akafungua kamba, akasimamisha mlingoti, akainua mkono.

Chuma kikaingia ardhini.

Mita tano: udongo mwekundu ukaruka kutoka shimoni, ukajikusanya pembeni kama kichuguu. Mita kumi na tano: wa njano. Wanawake walihesabu kwa sauti kila bomba linaloungwa. Mita thelathini: wa kijivu, na kila mtu akasogea, maana Guelor alisema maji hupenda kukaa chini ya ule wa kijivu.

"Kidogo tena!" Claudine alipiga kelele. "Kidogo tena, ba mama!"

Mita thelathini na nane, mashine ikabadilisha sauti. Ikaanza kusaga. Vumbi lililotoka halikuwa jekundu, wala la njano, wala la kijivu.

Guelor alizima injini.

Alichota vumbi lile kwa kiganja, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole. Mzee Kapya, aliyekuwa anaimba, akanyamaza katikati ya wimbo. Mama Mapalo akaacha kiuno cha Gérard.

Lilikuwa la kijani. Kijani kibichi, kile kile ambacho kila mtoto wa Katanga anakijua kabla hajajua kusoma.

"Malachite," Guelor alinong'ona. "Présidente, hapa chini haiko mayi tu. Ni shaba. Mingi."

Hakuna aliyeshangilia. Wanawake arobaini walitazamana, na kila mmoja alikuwa akihesabu kimyakimya nyumba anazozijua, mitaa anayoijua, iliyochorwa msalaba wa kubomolewa ukutani siku chache baada ya mtu kuokota kijani. Watu huhamishwa. Uzio hujengwa. Nani atakumbuka kwamba palitakiwa kisima?

Gérard, ambaye kazi yake ni kuarifu Kinshasa mara moja, alikuwa ameinama anapangusa viatu vyake kwa leso, amewapa mgongo.

Claudine hakufikiri. Miguu yake ilifikiri kwa niaba yake. Alipiga hatua tatu, akafungua kitenge chake kipya cha sherehe, akakitandaza juu ya lundo lote la kijani, na akakalia. Akanyoosha miguu. Akashika kichwa.

"Minachoka kidogo," alisema kwa sauti ya juu. "Jua kali leo. Guelor, uendelee tu. Chimba."

Gérard aligeuka. Alimtazama mwenyekiti aliyekaa vumbini. Aliwatazama wanawake arobaini waliokuwa wima, wametulia ghafla, wote wakitabasamu tabasamu moja. Akatazama kiganja cha Guelor, ambacho Guelor alikuwa amesahau kukifunga.

Akaweka leso mfukoni. Akaja taratibu, akachuchumaa mbele ya Claudine mpaka macho yao yakalingana.

"Mama Présidente," alisema kwa kile Kiswahili chake cha adabu, "simama, tafadhali."